Bosi mkali: huzaliwa, hufundishwa, au hutengenezwa na wafanyakazi wake?

#1 Mpanga Zamu

Wakuu, salaam.

Ofisi imetupeleka kozi ya menejimenti. Kutwa nzima ni mitindo ya uongozi: bosi wa kiimla, bosi wa kidemokrasia, bosi huria, bosi wa kazi, bosi wa watu. Mwezeshaji akagawa dodoso, tukajaza, kila mmoja akasomewa yeye ni wa kundi gani. Mimi nikaangukia "anayejali kazi kuliko watu". Meza nzima ikacheka, maana niliokaa nao ndio ninaowasimamia.

Hoja yangu ni hii. Nadharia zote hizo zinaanzia kwa bosi: yeye achague mtindo, ndipo timu ifanye vizuri au iharibu. Mimi naona mambo yanakwenda kinyume chake. Nipe watu wanaofika kwa wakati na kumaliza kazi bila kusukumwa, nitakuwa mpole mpaka mshangae. Nipe wazembe, haitachukua muda nitakuwa nakagua hadi droo. Mtindo unakuja baadaye. Bosi mkali hutengenezwa na watu wake.

Nipingeni kwa hoja. Nawasilisha.

#2 Kiti cha Nyuma

Nimeshakaa mapema. Na huyu "meza nzima ikacheka" amepita juu juu sana, tutarudi hapo.

#3 Mwalimu Mstaafu

Mtoa mada, hilo lilishajaribiwa zamani na jibu halikupendelei. Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White, chuo kikuu cha Iowa, Marekani, matokeo yakachapishwa 1939. Walichukua wavulana wa miaka kumi, wakawagawa kwenye vilabu vya watoto watano watano, wakawapa kazi za mikono kama kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Kila klabu ilikuwa na mtu mzima wa kuiongoza. Akiwa wa kiimla, yeye ndiye anapanga nani afanye nini na nani, na hatua inayofuata haitaji mpaka muda wake ufike. Wa kidemokrasia anawaacha wajadili na wachague.

Watoto ni walewale. Akibadilika kiongozi, tabia ya klabu inabadilika. Chini ya imla, vilabu vingine vilijaa ugomvi, vingine vikapoa kabisa, watoto kimya kama hawapo. Na kiongozi akitoka chumbani, kazi inasimama. Kwenye klabu ya kidemokrasia ikaendelea karibu vilevile. Sasa ni watoto gani hao waliomtengeneza bosi?

#4 Mpanga Zamu

Mwalimu, heshima yako. Lakini hao ni watoto wanaotengeneza vinyago. Hakuna mzigo unaosubiriwa, hakuna mshahara.

#5 Foklifti

Mimi nina mfano wa watu wazima wenye mshahara. Ghala tulilofanyia kazi lilikuwa na wasimamizi wawili wanapokezana timu ileile. Wiki hii mmoja, wiki ijayo mwingine.

Wa kwanza alikuwa na kijitabu chenye jalada jekundu. Anatembea nyuma yako, hasemi kitu, anaandika. Ukigeuka anafunga kijitabu. Hatujawahi kujua anaandika nini mpaka leo. Wiki yake mizigo ilikwenda kwa kasi, sikatai, lakini akiingia ofisini kunywa chai tu, foklifti zote zinapoa. Kuna jamaa alikuwa kazi yake kuangalia mlango wa ofisi na kukohoa.

Wa pili anaanza zamu kwa kusimama mbele ya ubao: "Malori ni haya, moja litachelewa, nani anaona tuanzie wapi?" Basi. Wiki yake hakuna anayekohoa.

Timu moja, wasimamizi wawili. Mtoa mada nijibu hapo.

#6 Kiti cha Nyuma

Huyo wa kukohoa alikuwa anastahili posho ya usalama.

#7 Bi Dodoso

Nipo idara ya rasilimali watu, na mengi ya nadharia hizi nimelazimika kuzifundisha. Mtoa mada hajatoa hoja ya kijinga, na kuna jaribio linalomuunga mkono moja kwa moja. Lowin na Craig, 1968. Watu walikuja kuomba kazi, wakaambiwa wakae kidogo kwenye nafasi ya msimamizi. Karani wanayemsimamia alikuwa amepangwa na watafiti: kwa wengine anachapa kazi vizuri, kwa wengine anaboronga makusudi. Waliopewa karani mbovu walianza kumsimamia kwa karibu zaidi, wakawa wanatoa maelekezo zaidi na upole ukapungua. Hawakufundishwa ukali na mtu. Karani aliwafundisha.

Kwa hiyo ukikuta bosi mkali na timu dhaifu, usiharakishe kusema ukali ndio uliodhoofisha timu.

#8 Mpanga Zamu

Bi Dodoso, Mungu akuzidishie. Mwalimu, umeona?

#9 Mwalimu Mstaafu

Nimeona. Nimeona pia kwamba hao "wasimamizi" walikaa kwenye kiti kwa muda mfupi sana. Mgeni akikabidhiwa karani anayeboronga atafanya nini kingine? Iowa kiongozi alikaa na klabu wiki sita ndipo akabadilishwa.

Na kitu kingine ambacho wengi hawakijui: mtindo wa tatu, ule wa huria, haukuwa kwenye mpango. White alikuwa anajaribu kuongoza kidemokrasia, lakini watafiti walipotazama wakaona anachofanya ni kuwaacha watoto wafanye wanalotaka. Ikabidi wautenge kama mtindo wake. Na matokeo yake yalikuwa dhaifu kuliko ya demokrasia.

#10 Zamu ya Usiku

Huo wa huria naufahamu kuliko jina langu. Bosi wetu ukimuuliza kitu anasema "fanyeni mnavyoona inafaa". Mkifanya mnavyoona inafaa, barua pepe ya mteja aliyelalamika inafika kwako ikiwa imesukumwa mbele na neno moja juu: "Tazama." Hakuna salamu wala maelezo. Tazama.

Bora hata yule wa kijitabu chekundu, walau unajua yupo.

#11 Foklifti

@Zamu ya Usiku hujakaa naye wewe.

#12 Msomi wa Jioni

Niongeze kidogo. Maslow alieleza haya kwa nadharia X na Y. Bosi wa mtindo X ni mkali, wa mtindo Y ni mpole. Mtoa mada ni X, amalize kozi aende Y.

#13 Mwalimu Mstaafu

Si Maslow. Ni Douglas McGregor, 1960. Alimtumia Maslow, ndiyo, ila X na Y ni zake. Na X na Y si mitindo. Ni dhana bosi anazokuwa nazo kichwani kuhusu watu: X anaamini mtu wa kawaida hapendi kazi na lazima asukumwe, Y anaamini mtu anaweza kujiongoza kazi ikiwa na maana kwake. Unaweza kuwa na dhana ya X ukatabasamu siku nzima.

#14 Msomi wa Jioni

Sawa mwalimu, ila hujanipinga. McGregor mwenyewe alisema dhana ya X inajitimizia: ukiwachukulia watu kama wazembe, wanakuwa wazembe, halafu unasema "si niliwaambia". Mtoa mada amezunguka humohumo. Anaona uzembe, anakaza, wanazidi kuzembea, anaandika uzi.

#15 Kiti cha Nyuma

"Anaandika uzi" 😂 Mpanga Zamu tunaomba usiondoke.

#16 Muuguzi Mkuu wa Wodi

Samahani, naingia na jambo tofauti. Ninyi mnabishana kana kwamba mtu ana mtindo mmoja. Wodini kwetu dada msimamizi kwenye kikao cha asubuhi anamuuliza kila mtu, hadi aliyeanza kazi juzi. Ratiba za likizo tunapanga wenyewe. Lakini mgonjwa akizimika, sauti inabadilika papo hapo: "Wewe kifua. Wewe dawa. Wewe shika saa, soma kwa sauti. Wewe toka na ndugu." Hakuna anayeuliza kwa nini, na hakuna anayechukia. Mgonjwa akirudi, au asiporudi, tunakaa, naye anauliza tena: tungefanya nini vizuri zaidi?

Huyo ni wa kiimla au wa kidemokrasia? Dodoso lenu lingemsomea nini?

#17 Bi Dodoso

Muuguzi, umefika mahali watafiti walifika miaka ya 1960. Fred Fiedler alisema mtindo haufai wala haukosi kufaa wenyewe, inategemea hali. Alitazama mambo matatu: bosi anaelewana vipi na watu, kazi ina maelekezo ya wazi kiasi gani, na cheo chake kina nguvu kiasi gani. Bosi wa kazi anafanya vizuri pale hali ni nzuri sana kwake au mbaya sana. Katikati, bosi wa mahusiano ndiye anayemzidi.

Ila kuna mahali Fiedler hakubaliani na dada wa wodini. Kwake mtindo ni kitu kilichokaa ndani ya mtu. Anakupa dodoso la kumweleza mfanyakazi mwenzako uliyeshindwa kabisa kufanya naye kazi, kwa jozi za sifa: anapendeza au hapendezi, mkarimu au mchoyo wa msaada, na kadhalika. Ukimponda kila mahali, wewe ni wa kazi. Ukimpata na mazuri yake hata kama kazi ilimshinda, wewe ni wa mahusiano. Basi usihangaike kumbadili mtu, badilisha hali yake au mhamishe.

#18 Foklifti

Nimejaribu hiyo ya mfanyakazi mwenza sasa hivi kichwani. Nimemponda mpaka nikaanza upya. Mimi ni wa kazi.

#19 Kocha Mshauri

Habari wadau. Fiedler alipitwa na wakati. Mnachokitafuta ni Paul Hersey na Ken Blanchard, 1969. Mfanyakazi mgeni mwelekeze. Akianza kuelewa, mwelekeze huku unamshawishi. Akiweza ila hajiamini, mshirikishe. Akikomaa mkabidhi kazi uondoke. Bosi anapita hatua nne kulingana na ukomavu wa mtu. Nimeifundisha kwa mameneja wengi, wote wanaielewa palepale. Mtoa mada timu yako bado changa, ndiyo maana unakaza. Uko sahihi kabisa.

#20 Mwalimu Mstaafu

Kueleweka palepale hakuthibitishi kitu. Vecchio aliipima mwaka 1987 kwa walimu wa sekondari na wakuu wao. Ilisimama vizuri pale chini tu, kwa wageni wanaohitaji kuelekezwa. Kadiri mtu anavyokomaa, utabiri unalegea. Walimu wakongwe hawakwenda vile mchoro unavyosema.

#21 Kocha Mshauri

Mwalimu, mchoro unasaidia watu kuanza kuzungumza. Ukiwapa jedwali la takwimu wanasinzia.

#22 Bi Dodoso

Hapo kwa kusinzia namuunga mkono.

#23 Zamu ya Usiku

Na sisi wakongwe tuliokomaa tukakabidhiwa, halafu bosi akaondoka kweli? Hersey na Blanchard wamesema nini kuhusu "Tazama"?

#24 Mzee wa Kiwanda

Nawasoma tangu juu. Nimekuwa nyapara, nimekuwa chini ya manyapara. Mnamjadili bosi kana kwamba yeye hana bosi. Samaki huozea kichwani.

Tulipelekwa mafunzo, wasimamizi wote wa laini. Tukafundishwa kusikiliza watu, kuuliza badala ya kufoka. Tukarudi na moto. Jumatatu meneja wa uzalishaji kaingia kwenye laini yangu, kakuta nimekaa na fundi tunazungumza kwa nini mashine inakwama. Akaniangalia, akaangalia saa yake, akaondoka. Hakusema neno. Kikao cha jioni idadi ya laini yangu ikasomwa ya kwanza, kwa sauti. Unadhani Jumanne nilikaa tena na fundi?

#25 Bi Dodoso

Mzee, hicho kilichokupata kilipimwa. Edwin Fleishman na wenzake, kazi yao ikatoka 1955, walifuatilia wasimamizi wa kampuni ya mashine za kilimo Marekani waliofundishwa kujali watu. Mara tu baada ya darasa, majibu yao yakabadilika. Walivyorudi kiwandani badiliko halikudumu, na kilichowavuta ni hali waliyoikuta: bosi wao anaongoza vipi. Mwenye bosi anayejali watu ndiye alielekea kujali wa chini yake.

Hawa ni watu wa chuo kikuu cha Ohio State, ndio waliotuletea mihimili miwili ambayo mtoa mada alisomewa kozini: kujali watu, na kupanga kazi. Na kwao ni mihimili miwili tofauti. Unaweza kuwa juu kwenye yote au chini kwenye yote. Mwezeshaji aliyekuambia unajali kazi "kuliko" watu ameigeuza kuwa mizani.

#26 Mpanga Zamu

Hilo hakutuambia.

#27 Msomi wa Jioni

Ndiyo ile gridi ya Ohio, 9,9.

#28 Mwalimu Mstaafu

Gridi, yaani jedwali la kumpa bosi alama 1 hadi 9 kwa kujali kazi na 1 hadi 9 kwa kujali watu, ni ya Robert Blake na Jane Mouton, 1964. Ohio ni wengine. Msomi, jioni hii unanichosha.

#29 Msomi wa Jioni

Mwalimu unanifundisha bure, usilalamike.

#30 Kiti cha Nyuma

Bosi wetu analeta keki kila mtu akizaliwa na hajui tunafanya kazi gani. Hiyo ni ngapi kwenye gridi?

#31 Kocha Mshauri

1,9. Namba ya kwanza ni kazi, ya pili ni watu. Blake na Mouton waliiita klabu ya starehe.

#32 Kiti cha Nyuma

Naomba asisome uzi huu. Keki ni nzuri.

#33 Mzee wa Kiwanda

Bi Dodoso, sasa hao wa Ohio walipata nini mwishoni? Kujali au kupanga?

#34 Bi Dodoso

Mzee, ninayoipenda ni ya Fleishman na Harris, 1962, kiwanda cha malori. Walihesabu malalamiko rasmi ya wafanyakazi na idadi ya wanaoacha kazi. Msimamizi anayewajali watu kidogo, malalamiko yanapanda. Anayebana kazi sana, yanapanda pia. Ila yule aliye juu katika kujali watu aliweza kubana kazi bila malalamiko kuongezeka sana. Kwa asiyejali watu, hata akipunguza kubana, malalamiko yalibaki juu.

Jyuji Misumi wa Japani naye aliona jambo linalokaribiana na hilo: msukumo wa kazi kutoka kwa bosi anayetunza mahusiano hupokewa kama mpango, na kutoka kwa asiyeyatunza hupokewa kama shinikizo.

Na mwaka 2004 Judge, Piccolo na Ilies walikusanya tafiti nyingi pamoja: kujali watu kulikuwa na uwiano wa 0.48 na matokeo ya uongozi, kupanga kazi 0.29 (0 ni kwamba havihusiani, 1 ni kwamba vinakwenda pamoja kabisa). Kujali kunahusiana zaidi na kuridhika kwa watu. Kwenye utendaji, kupanga kazi hakuko nyuma.

#35 Muuguzi Mkuu wa Wodi

Ndiyo maana "wewe kifua, wewe dawa" haiumizi. Amri ileile kutoka kwa daktari mmoja ninayemfahamu ingeniliza.

#36 Mpanga Zamu

Nakubali mihimili miwili. Sikubali chanzo. Bi Dodoso mwenyewe amesema uwiano, hajasema nani alianza. Labda timu ikifanya vizuri watu wanaridhika, wakiridhika wanajaza dodoso kwamba bosi anawajali.

#37 Bi Dodoso

Siwezi kukukatalia. Barry Staw, 1975, alivipa vikundi kazi ya kukadiria takwimu za kampuni, kisha akaviambia vimefanya vizuri au vibaya. Alichoambiwa kikundi hakikuhusiana na kazi yake halisi, ilikuwa bahati nasibu. Walioambiwa wamefanya vizuri wakaeleza kikundi chao kwamba kilikuwa na umoja, kinasikilizana, kinawasiliana. Kwa hiyo dodoso linalojazwa na watu wanaojua matokeo, mimi nalisoma kwa tahadhari. Na kazini kwangu ndilo ninalogawa kila mwaka.

#38 Sekunde Mia Mbili

Mie nipo kituo cha kupokea simu. Nimesoma kurasa zote na bosi wangu simuoni humu. Kwa sababu bosi wangu ni skrini. Simu ikizidi muda inageuka njano, halafu nyekundu. Wito wa chooni una kitufe chake. Supavaiza ni mtu mzuri, anajali, anauliza habari za watoto, lakini akiwa likizo hakuna kinachobadilika. Akirudi hakuna kinachobadilika. Mpeni mtindo wowote mnaotaka.

#39 Mwalimu Mstaafu

Steven Kerr na John Jermier walikuandikia wewe, 1978. Waliita vibadala vya uongozi: kazi yenyewe kama imeelekeza kila kitu, kanuni zilizoandikwa, ujuzi wa muda mrefu wa mfanyakazi, kikundi kinachojiongoza. Vikiwepo, maelekezo ya bosi yanakosa pa kufanyia kazi. Wakatenga na vizuizi, vinavyomfunga bosi mikono bila kumpa mfanyakazi chochote. Supavaiza wako nahisi yuko hapo.

#40 Sekunde Mia Mbili

Hapo hasa. Hana hata uwezo wa kuondoa ile njano.

#41 Foklifti

Lakini ghalani kwetu mfumo ulikuwa uleule wiki zote mbili. Ubao uleule, malori yaleyale. Bado hakuna aliyenijibu #5.

#42 Mpanga Zamu

Nakujibu. Wa pili alipokea timu iliyotoka kubanwa wiki nzima na wa kwanza. Angekuja peke yake miezi sita mfululizo tungeona kama "nani anaona tuanzie wapi" ingefika mbali.

#43 Foklifti

Wa kijitabu aliwahi kuumwa muda mrefu. Wa pili alishika wiki zote. Hatukulegea.

#44 Mzee wa Kiwanda

Walimbadilisha meneja wa juu pia kipindi hicho, au yuleyule?

#45 Foklifti

Mzee... walimbadilisha. Karibu wakati uleule.

#46 Kiti cha Nyuma

Haya, turudi mwanzo wote.

#47 Kocha Mshauri

Na wafanyakazi wapya waliingia? Maana ukomavu wa timu nao

#48 Mwalimu Mstaafu

Kocha, niache kwanza nimalize na mzee. Foklifti, huyo meneja mpya alikuwa anashuka ghalani au anakaa juu?

#49 Foklifti

Alikuwa anashuka asubuhi, anasalimia, anauliza malori. Wa zamani hatukuwahi kumwona. Ila yule msimamizi wa pili alikuwa hivyohivyo hata kabla ya meneja mpya, msinipotoshe.

#50 Zamu ya Usiku

Swali kwa Bi Dodoso: lile dodoso la kila mwaka bosi anaona nani kajaza nini? Nauliza kwa niaba ya rafiki.